Nyumba Arobaini Zilisema Ni Tamu

Kama gazeti la juma lililopita ulilifungia mandazi kabla ya kulisoma, si neno. Nitakueleza ulichokosa.

Mimi ni Urbanus Mbaluka, Mkamba wa upande wa Kilimambogo, niliyefukuzwa sekondari kwa kuiga mwendo wa mwalimu mkuu huku mwalimu mkuu mwenyewe yuko nyuma yangu anajitazama. Nikaja Thika, nikapata kazi ya kubandika lebo katika kiwanda kimoja cha mananasi ya makopo. Siku moja meneja wetu, Mzungu aitwaye Bwana Pellow, akatuonyesha lebo aliyoichora kwa mkono wake: simba amefungua kinywa. Alitaka kuibandika kwenye kopo la githeri. Wote wakasema ni nzuri sana. Mimi nikacheka.

Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia simba alikula ng'ombe wawili wa baba yangu, na sidhani mama atakwenda dukani kumnunua kwa hiari yake.

Kwa kicheko hicho nikaitwa ofisi ya juu. Tuliachana mkono wangu ukiwa kwenye kitasa, najiona mtu.

Leo nasimulia nilivyoingia, na jinsi nilivyokuja kujichukia. Wenye sahani mbele yao wamalize kwanza.

Bwana Pellow alikuwa na shida ya kweli. Msimu wa mananasi ukiisha, mashine zake hulala. Akawaza: Mwafrika anakula nini kila siku? Githeri. Basi tuchemshe mahindi na maharage, tutie mafuta ya ng'ombe, tufunge koponi, tumuuzie mfanyakazi aliye mbali na mke wake. Kopo liitwe Nguvu.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Nalitendea haki sasa, maana huko mbele sitakuwa na neno jema la kulipa.

Kazi aliyonipa haikuwa na jina kwa Kiswahili. Kwao, alisema, kampuni za sabuni zina mtu mmoja kwa kila sabuni. Mtu huyo hapiki sabuni wala haiuzi, lakini anajua kila kitu chake: imetoka wapi, imevaa karatasi gani, inakaa rafu gani, mama gani anaitumia na kwa nini. Ikifaulu ni yeye. Ikianguka ni yeye. Mimi niwe mtu huyo kwa kopo la Nguvu.

Chini kiwandani wakanibatiza jina saa hiyo hiyo. Wakaniita Baba Kopo.

Sasa ungamo la kwanza. Kazi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya Gerishon, karani mkuu, mtu wa Kiganjo, miaka tisa kwenye kiti kimoja, anayejua kila duka kutoka Thika mpaka Ruiru na kila mwenye duka na tabia za mkewe. Lakini ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, siku za Hali ya Hatari. Gerishon ni Mkikuyu, na kwa Mkikuyu safari ya maili kumi na mbili kwenda Ruiru ilitaka kibali chenye mihuri mingi kuliko cheti cha ndoa. Mimi askari wa njiani aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, akanipungia mkono nipite.

Kwa hiyo nilipopandishwa cheo, elewa vizuri. Nilipandishwa na askari wa njiani.

Gerishon hakununa. Alinitazama tu juu ya miwani yake na kusema, "Hongera, Baba Kopo. Umeionja?"

Nikamwambia bado.

"Onja kabla hujaipenda," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nikapanda ofisini na kopo, nikafunga mlango, nikalifungua. Juu palikuwa na mafuta yaliyoganda meupe kama mshumaa. Chini yake mahindi yamevimba, maharage yamepasuka, na mchuzi una rangi ya maji ya kusuuzia sufuria. Tena mashine ilikuwa ya mananasi na haikuwahi kuoshwa kwa moyo safi, kwa hiyo githeri ilikuwa na utamu wa nanasi kwa mbali, kama mtu aliyejipaka manukato juu ya jasho. Na chini ya utamu huo, chuma. Ladha ya kulamba jembe.

Nilitia kijiko kimoja. Kikakataa kushuka. Nikakitema kwenye kapu la taka nikakifunika na barua za watu.

Kwa hiyo asije mtu akasema sikujua. Nilijua siku ya kwanza.

Mchana Bwana Pellow akanipa kitabu kipya na kalamu, akanitolea shauri lake lote kwa kile Kiswahili chake kisicho na huruma kwa mtu yeyote: "Wewe nakwenda nyumba arobaini. Ishirini Thika, ishirini Ruiru. Napa mama kopo, mama nakula, wewe nauliza tamu ao mbaya. Kama thelathini nasema tamu, mimi natengeneza mingi sana, na wewe nakaa ofisi hii siku yote. Kama hapana, wewe narudi lebo."

Hapo ndipo shingo yangu ilipowekwa kwenye mizani. Thelathini, nibaki juu. Ishirini na tisa, nirudi kwenye gundi.

Nikaanza na Kiganjo ya hapo hapo Thika, kwa sababu ilikuwa karibu. Nilivaa tai. Nikabisha hodi, nikakaribishwa, nikapewa kigoda, tukaulizana habari za nyumbani, nikafungua kopo mbele ya mama mwenye nyumba na kumpa kijiko. Alitia kinywani. Macho yake yakasimama kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Kisha akameza.

"Ni tamu, mwanangu," akasema. "Asante sana. Mungu akubariki."

Nikaandika: Tamu.

Nyumba ya pili, tamu. Ya tatu, tamu sana. Ya nne ilikuwa na mzee asiye na meno, akaila yote bila kutafuna, akanishukuru, akaniombea nipate mke. Kufikia nyumba ya saba hata mtu mwenye akili zangu alianza kuona. Hakuna aliyeomba kijiko cha pili.

Jioni nikamwonyesha Gerishon kitabu, kwa majivuno, nikitaka anisifu. Akakisoma ukurasa kwa ukurasa, akakifunga, akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Nikuulize wewe Mkamba. Kwenu, mgeni akija na chakula mkononi, akakaa kwenye kigoda chako, akakuamkia vizuri, akakuuliza chakula chake kikoje, unamjibu nini?"

Nilikuwa na miaka sita mama aliponizaba kofi lililonizungusha, kwa sababu nilikunja pua mbele ya uji wa jirani. Chakula cha mtu hakitukanwi. Kwetu hivyo, kwao hivyo, na nadhani hata kwa askari wa njiani hivyo.

"Umeuliza swali lenye jibu moja," Gerishon akasema. "Hukupima chakula. Umepima adabu za watu, na watu wa Kiganjo wana adabu."

Akanipa shauri ambalo nikilikumbuka naona haya. Waachie makopo, alisema. Usiulize kitu. Rudi baada ya juma moja, tena usije na tai, na usitazame mdomo wa mama, tazama kopo liko wapi. Kama limeliwa, utaliona limekuwa kikombe cha mtoto. Kama halikuliwa, utaliona limesukumwa nyuma ya mlango bila kufunguliwa. Kopo halina adabu, litakuambia ukweli.

Nikamwambia hilo litachukua juma zima na zaidi, na Bwana Pellow anataka hesabu Ijumaa.

"Mwambie angoje."

Mimi nimwambie Bwana Pellow angoje. Mimi wa gundi. Nikacheka, nikamwambia Gerishon kwamba wivu ni ugonjwa, aende akapimwe. Akavua miwani akaifuta, na tangu siku hiyo hakuniita Baba Kopo tena. Aliniita Bwana Mbaluka, na niwaambie, kuitwa bwana na mtu aliyekudharau kunakata kuliko tusi.

Alhamisi nikachukua baiskeli ya kiwanda nikaenda Ruiru, kwenye laini za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa. Nyumba zimepangwa kama meno, zote sawa. Nyumba kumi zikasema tamu. Ya kumi na moja, yaani ya thelathini na moja kitabuni, ilikuwa ya mama mmoja mrefu, mkavu, sauti ya chini, waliyemwita Mama Wangeci. Alikula vijiko vitatu. Wengine wote walikula kimoja. Alifuta midomo, akasema ni tamu sana, akanifungia ndizi mbivu tatu nizile njiani, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu.

Nilikuwa nimefika nyumba ya pili yake nilipokumbuka kalamu. Nikarudi. Sikubisha, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi.

Mama Wangeci alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama, anamwaga lile kopo kwenye kigae cha mbwa. Mbwa akaja mbio, mkia juu. Akanusa. Akalamba mara moja. Akasimama akifikiri. Kisha akageuka, akaenda kulala kivulini na kutupa mgongo sote wawili.

Mama Wangeci akanyanyua kichwa akaniona.

Sijui nani aliona haya zaidi. Yeye aliyekamatwa na uongo wa adabu, au mimi niliyekamatwa na mbwa. Akajifuta mikono kwenye kanga, polepole.

"Mbwa huyu ni mgonjwa tangu jana," akasema.

"Atapona," nikasema.

"Umesahau kalamu."

Akaniletea, kwa mikono miwili. Nikaichukua, nikakaa kwenye jiwe lililokuwa nje ya mlango wake, nikafungua kitabu, na kwa kalamu ile ile nikaandika kwenye mstari wa thelathini na moja: Tamu sana.

Hapo ndipo ninapojichukia. Ule uongo wa kwanza ningeweza kuutupia adabu. Huu niliuandika baada ya mbwa.

Ijumaa, arobaini kwa arobaini. Bwana Pellow alikibusu kile kitabu. Nilipewa meza, nikapewa kiti chenye mikono, nikapewa na koti la kazi lenye jina la Nguvu kifuani, na mashine zikaanza kutema makopo usiku na mchana. Nilipita kwenye meza ya Gerishon nikiwa nimevaa koti. Akasimama kunipisha, ingawa njia ilikuwa pana.

Makopo yakaenda madukani Thika. Yakakaa. Yakaenda madukani Ruiru. Yakakaa huko pia, yakapata vumbi, na mwenye duka mmoja akaniuliza kwa upole kama naweza kuyachukua, kwa maana wateja wake wameanza kuyatazama vibaya, na yeye pamoja nayo. Nikaanza kuota gundi.

Kisha mambo yakageuka, na mimi, mjinga, nikashangilia.

Bwana Pellow alikuwa na rafiki wa kilabu, meneja wa shamba lile lile la kahawa. Wakakaa, wakanywa, wakapatana. Wafanyakazi wa shamba hupewa posho ya unga kila Jumamosi. Basi unga ukomeshwe, wapewe Nguvu badala yake. Meneja alipenda sana, kwa kuwa unga unataka kuni, maji na mama wa kusonga, na mama anayesonga ugali hachumi kahawa. Kopo linafunguliwa, linaliwa, mama anarudi kwenye mibuni. Aliuliza jambo moja tu: watu wataridhika? Bwana Pellow akamfungulia kitabu changu. Majina yao wenyewe, midomo yao wenyewe.

Nilipoambiwa nilikuwa nakunywa chai. Nikaiweka chini. Nilimwona akilini Mama Wangeci amenyoosha kikapu chake cha unga siku ya Jumamosi, anatiliwa makopo.

Ningeweza kusema hapo. Mlango ulikuwa wazi, Bwana Pellow alikuwa anacheka, alikuwa katika hali ya kusikia. Nikasema, "Vizuri sana, bwana," nikamaliza chai.

Majuma matatu yakapita. Jumamosi ya nne Bwana Pellow akanitia kwenye gari lake na kamera yake ya picha. Alitaka kupiga picha wafanyakazi wanakula kwa furaha, azitie gazetini na neno la chini: Nyumba Arobaini Zimesema. Njia nzima alikuwa anapiga mluzi.

Tulifika mahali pa kupimia kahawa saa sita mchana. Hakukuwa na furaha ya kupiga picha. Kando ya stoo palikuwa na ukuta wa makopo ya Nguvu, yamepangwa vizuri, hakuna hata moja lililofunguliwa. Watu kama mia mbili walikuwa wamekaa chini, wameyapa mgongo. Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake wengine walikuwa wanasuka vikapu.

Nyapara wao, Erastus, mtu mnene mwenye kofia ya jeshi la zamani, akatueleza akiwa amekaza macho kwenye viatu vyake. Juma la kwanza walikula. Matumbo ya watoto yakaendesha. Juma la pili waliokula ni wachache. La tatu waliazima unga kwa ndugu zao wa mashamba ya jirani, na sasa ndugu nao wameishiwa. Leo wamerudisha yote yaliyobaki. Hawajagoma, alisema Erastus haraka haraka, maana mwaka ule neno hilo lilikuwa na pingu ndani yake. Hawajagoma, wamekaa tu.

Bwana Pellow akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akatoa kitabu changu mfukoni.

"Nani Mama Wangeci?"

Akasimama. Mrefu, mkavu, vile vile.

"Namba thelathini na moja. Wewe nasema tamu sana. Ndiyo ao hapana?"

"Nilisema, bwana."

"Kwa nini sasa hapana kula?"

Mama Wangeci akanitazama. Sikuona hasira pale, na ningeshukuru kama ningeiona. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyejikojolea kanisani.

"Nilisema, bwana," akarudia. Hakuongeza neno.

Angeongeza nini? Alishukuru chakula cha mgeni. Asante haitapikwi mbele ya watu. Bwana Pellow akasoma jina la pili, la tatu, la nne, na kila aliyeitwa alisimama akakiri kwamba ndiyo, alisema tamu, akakaa chini. Ilikuwa kama kusikiliza watu wakihukumiwa kwa kosa la kulelewa vizuri. Na mwandishi wa mashtaka yote ni mimi, na hati yangu ni nzuri, hati ya sekondari.

Mama Wangeci bado alikuwa amesimama. Akasema kwa Erastus, lakini kwa sauti ya kutufikia:

"Mgeni wetu amesimama juani tangu afike, na hatujamkaribisha hata maji. Tumekuwa watu wa namna gani?"

Akaenda kwenye ule ukuta, akachukua makopo, akaingia nyumbani kwake. Tulisikia sufuria. Aliyapasha moto vizuri, sitamsingizia, hata vitunguu alitia. Akarudi na sufuria, na bakuli, na kigoda chini ya kwapa. Akanikalisha mbele ya watu mia mbili. Akanimiminia maji ya kunawa. Kisha akanipa bakuli kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, mwanangu."

Mnaona nilipokaa? Kopo lilikuwa la kiwanda. Lakini sasa limepita kwenye sufuria yake, limetoka mkononi mwake, na mimi niko kwenye kigoda chake.

Nikala kijiko cha kwanza. Moto ulikuwa umeamsha nanasi. Kitunguu kilipigana na nanasi, na chuma kikawashinda wote wawili. Nikameza. Cha pili nikameza na machozi. Cha tatu kikasimama njiani, hakipandi wala hakishuki, jasho likanitoka mpaka kwenye jina la Nguvu kifuani.

Bwana Pellow akafurahi. Alidhani ni msaada. Akainua kamera akafumba jicho moja.

"Nzuri sana. Cheka kidogo, Mbaluka."

Nadhani ni neno hilo lililonivunja. Maisha yangu yote nimecheka bila kuombwa. Nilifukuzwa shule kwa kucheka, nikapata cheo kwa kucheka, na sasa naambiwa nicheke na uchafu huu kinywani ili gazeti liuonyeshe kwa watu wengine. Nikageuka nikatema. Chini, kwenye mavumbi, mbele ya watu wazima. Nikafuta mdomo na mkono wa koti.

"Bwana, chakula hiki ni kibaya," nikasema. "Hawa hawakukosa. Ni mimi. Nilionja siku ya kwanza nikatema kwenye kapu lako la taka. Nilimwona mbwa wa hapa akikikataa, na bado nikaandika tamu. Warudishie unga wao."

Kamera ikashuka.

Nilingoja. Nitasema ukweli wa aibu: nilingoja wanishangilie. Nilidhani watainuka, watasema naam, ndivyo, huyu kijana amesema.

Hakuna aliyeinuka. Kimya kilichoingia kilikuwa kimya cha watu waliotiwa haya. Mwanamke mmoja mzee akavuta shuka lake usoni. Mwingine akamwambia mwenziwe, polepole lakini nikasikia, "Amepikiwa na mama wa watu, ametema mbele yake." Erastus alitikisa kichwa kama mtu anayetazama nyumba ikiungua.

Sikuwa nimetukana kopo. Nilikuwa nimetukana bakuli la Mama Wangeci.

Bwana Pellow hakuelewa hilo, lakini alielewa kimya. Akawageukia. "Nani nasema kama Mbaluka? Nani nasema mbaya? Nyosha mkono."

Watu mia mbili, waliotaabika majuma matatu kwa sababu ya chakula kile, wakatazama chini. Ungewaambia nini? Kuinua mkono wakati ule ni kusimama upande wa mtu aliyetema chakula cha mwenyeji wake. Hakuna mkono ulioinuka. Hata mmoja.

"Arobaini nasema tamu," Bwana Pellow akaniambia, taratibu, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. "Mtu moja nasema mbaya. Na mtu moja hii, mwezi jana, yeye pia nasema tamu. Mimi naamini nani?" Akanyoosha mkono. "Vua koti. Na meneja ya shamba napiga simu polisi, kwa sababu watu hii nakataa posho bila sababu. Kitabu nasema bila sababu."

Nilianza kufungua vifungo. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, hilo lilikuwa dogo. Lakini unga wao ulikuwa umekwisha pamoja nayo, na sasa polisi, na mimi niliyejaribu kuwafungulia mlango nilikuwa nimeubana kwa mguu wangu mwenyewe.

Mama Wangeci akainama akaokota bakuli nililoliacha kando ya kigoda. Alilifuta ukingo kwa kanga. Hakunitazama. Akaenda kwenye sufuria, akachota tena, safari hii akajaza mpaka juu, akatafuta kijiko safi, akakipata.

Akapita mbele yangu kama vile mimi ni nguzo. Akaenda akasimama mbele ya Bwana Pellow. Akapiga goti kidogo, akamnyooshea bakuli kwa mikono miwili.

"Bwana pia ni mgeni wetu," akasema. "Na amesema mengi leo, lazima ana njaa. Karibu chakula."

Watu mia mbili wakanyanyua vichwa kwa pamoja. Waliokuwa wanasuka vikapu wakaacha. Erastus akavua kofia.

Bwana Pellow akatazama bakuli. Akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza siku ile kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Nikafahamu kwamba katika miezi yote hiyo mtu huyu hajawahi kuweka hata punje moja ya Nguvu kinywani mwake.

Akampa Erastus kamera amshikie. Akashika kijiko. Akakitia kwenye bakuli, kikatoka kimejaa, uzi wa mafuta ukikifuata nyuma.

Akakinyanyua mpaka usawa wa kidevu, akafungua kinywa, na hapo alipokifungua hapakuwa na mtu, si mimi, si Mama Wangeci, aliyejua kama amekifungua ili ale au ili aseme. Tuachane hapo hadi gazeti la juma lijalo.